Mdudu Hali Peke Yake



Mwezi huu nataka kusema neno ambalo huenda lisiwapendeze wauza dawa, wala wakulima waliokwisha kuzoea kubeba pampu mgongoni kila waonapo kitu kinatambaa juu ya jani. Neno lenyewe ni hili: sisi wa bara ya Mombasa, kuanzia Likoni mpaka Changamwe na Kisauni, twapiga dawa nyingi mno, tena twaipiga kabla ya kumjua mdudu tunayempiga. Na hatumjui kwa sababu tumemdhani ni kiumbe kimoja, kumbe ndani ya mwili wake mna wapangaji, na bila wapangaji hao yeye mwenyewe hawezi kuishi.

Nenda asubuhi katika shamba la kunde, liwe la Mwakirunge au la Mtongwe, ugeuze jani changa. Utawaona vidukari weusi wamejazana kama chembe za baruti. Leo ni wachache. Baada ya juma moja shina zima limekuwa jeusi, na majani yamejikunja. Mkulima hushangaa na kuuliza, wametoka wapi wote hawa? Wako wasemao wameletwa na upepo, na wako wamlaumuye jirani. Kweli upepo huwaleta wale wa kwanza wenye mabawa, lakini waliobaki wamezaliwa pale pale. Kidukari jike hana haja ya dume. Huzaa wana walio hai, si mayai, na mwana akizaliwa tayari ana vijana wengine wameanza kukua ndani ya tumbo lake. Ni kama mama, binti na mjukuu katika mwili mmoja.

Sasa fikiri juu ya chakula chao. Kidukari hutoboa mshipa wa mmea na kunywa maji yake, na maji hayo ni sukari, karibu sukari tupu. Sisi wenyewe twajua nini humpata mtoto anayelishwa uji mweupe na sukari siku zote bila maharagwe, samaki wala maziwa: huvimba miguu, nywele zikapoteza rangi, akadhoofika. Mwili haujengwi kwa sukari. Basi kidukari anawezaje kunywa maji ya sukari maisha yake yote na bado akazaa kila siku?

Jibu ni kwamba hali peke yake. Ndani ya tumbo lake mna chembe kubwa za pekee, na ndani ya chembe hizo wamo bakteria kwa maelfu, yaani vile viumbe vidogo visivyoonekana ila kwa darubini. Bakteria hao huchukua masalio ya chakula asichoweza kukitumia mdudu, wakayageuza kuwa vile vijenzi vya mwili ambavyo sisi huvipata katika nyama na maharagwe. Mdudu naye huwapa nyumba, sukari na ulinzi. Mama akichukua mimba, bakteria huingia katika kijana angali tumboni, kwa hiyo hakuna kidukari anayezaliwa bila urithi huu. Wanasayansi wamewaita bakteria hao Buchnera, kwa heshima ya Mjerumani Paul Buchner, aliyetumia maisha yake yote kuchunguza mambo haya na kuyaandikia kitabu kikubwa mwaka 1953, wakati wengi walipoona kazi yake ni ya ajabu isiyo na faida.

Urafiki huu umedumu zaidi ya miaka milioni 100. Bakteria wamekaa ndani muda mrefu hata wamesahau kuishi nje. Mwaka 2000 wataalamu wa Japani walisoma maandishi yote ya urithi wa Buchnera, wakakuta yamepungua hata kubaki kama sehemu moja ya saba ya yale ya bakteria wa kawaida akaaye katika matumbo yetu. Vyote visivyohitajika vimetupwa. Kimebaki kile cha kumlisha mwenyeji, na kidogo cha kujihifadhi. Na mwenyeji naye amefungika vivyo hivyo: kidukari akipewa dawa ya kuua bakteria wake, hudumaa, na mara nyingi hazai tena.

Hapa najua msomaji mwerevu ameinua mkono. Atasema, “Bwana mwandishi, kama nguvu ya kidukari iko kwa bakteria wake, kwa nini tusinunue dawa ya kuua bakteria, zile za hospitali au za ng'ombe, tukazinyunyiza juu ya kunde?” Swali hili ni zuri na nataka kulijibu polepole, maana mtu akilijibu vibaya shambani atawadhuru watu.

Kwanza, dawa hizo ndizo tunazopewa sisi na watoto wetu tukiugua vidonda, kifua au homa ya matumbo, na ndizo daktari wa mifugo humpa ng'ombe wako mwenye kiwele kilichovimba. Bakteria wa udongoni na wa majini wakionjeshwa dawa kidogo kidogo kila juma, wale dhaifu hufa, na wale wenye nguvu hubaki na kuzaa. Siku mtoto atakapougua, dawa haitafanya kazi. Jambo hili laonekana leo katika hospitali za ulimwengu mzima, na si haki mkulima aliongeze kwa ajili ya matita ya kunde.

Pili, ng'oa mche mmoja wa kunde, upunguze udongo mizizini. Utaona vifundo vidogo kama punje za mtama. Pasua kimoja, kikiwa chekundu kama damu ndani, basi kinafanya kazi. Hao pia ni bakteria, wa jamii nyingine, nao huvuta naitrojeni hewani na kuupa mmea, ndiyo maana kunde humea katika mchanga wetu wa pwani hata pale mahindi yanapogeuka manjano. Ng'ombe wako naye, mfano ule ule: hana uwezo wa kuyeyusha nyasi, bakteria wa tumbo lake kubwa ndio wayeyushao, naye hula kile wanachokitoa. Kwa hiyo, mkulima, wewe mwenyewe ni mfugaji wa bakteria shambani na bandani, ujue usijue. Dawa imwagwayo ovyo haiwezi kuwachagua wale wa kidukari na kuwaacha wako.

Tuache kidukari, twende kwenye mpapai, maana huko ndiko watu wetu wamepata hasara kubwa zaidi.

Mwaka 2016 aliingia hapa Pwani kidung'ata wa mpapai, yule mdudu mweupe kama aliyepakwa unga, ambaye asili yake ni Mexico na nchi za jirani zake. Kabla ya kufika kwetu alikwisha kusumbua visiwa vya Karibi, kisha India na nchi nyingine za Asia, kisha Ghana. Mti ulioshambuliwa hufunikwa na unga mweupe, majani hukunjana, matunda hudondoka yangali mabichi, na asali ya wadudu ikimwagika juu ya majani huota ukungu mweusi kama masizi. Wengi walikata mipapai yao yote. Wengine walinunua dawa, wakapiga, wakarudia, wakaongeza kipimo, wakachanganya mbili, wakachanganya tatu. Kidung'ata akabaki. Nta yake huikinga dawa kama koti la mvua, na mayai yake yamo ndani ya mfuko wa pamba.

Na huyu naye hali peke yake. Katika jamii hii ya wadudu jambo limefika mbali hata mtu akisimuliwa hudhani anatiwa chumvi. Wataalamu walipomchunguza kidung'ata wa michungwa na milimau, ndugu wa yule wa mpapai, waliona mwaka 2001 kwamba ndani ya chembe zake mna bakteria, na ndani ya bakteria hao mna bakteria wengine. Mdudu ni nyumba, bakteria wa kwanza ni chumba, bakteria wa pili ni mpangaji wa chumba. Mwaka 2011 ilionekana kwamba kujenga kijenzi kimoja cha mwili huenda kukahitaji kazi ya wote watatu: mmoja huanza, mwingine hupokea, wa tatu humaliza. Bakteria wa nje amepoteza mambo mengi kiasi kwamba hawezi kufanya lolote bila yule aliyemmeza. Mafundi wa jahazi wangelifahamu jambo hili upesi kuliko wanafunzi: huyu achonga, huyu atia misumari, huyu apiga kalafati, na hakuna mmoja awezaye kuishusha majini peke yake.

Kwa nini nawaeleza haya? Kwa sababu yaonyesha tunapigana na nini. Mdudu mwenye kiwanda cha chakula ndani ya mwili wake hahitaji shamba zuri wala msimu mzuri. Akibaki jike mmoja chini ya jani baada ya pampu kupita, kiwanda kiko pale pale, na baada ya majuma machache shamba limejaa tena. Lakini wale waliokuwa wakimla hawakubaki. Mende wadogo wekundu wenye madoa meusi, funza wa nzi wenye milia kama nyuki, na nyigu wadogo kuliko tundu la sindano, hao wote hawana koti la nta. Dawa huwaua siku ya kwanza. Tena wao huongezeka polepole, maana lazima jike na dume wakutane, na lazima wapate windo. Kwa hiyo kila tupigapo dawa kali twampa kidukari na kidung'ata likizo bila maadui. Mkulima husema dawa ilikuwa dhaifu, hununua nyingine, na duka hushukuru.

Afrika imekwisha kuona njia nyingine ikifanya kazi. Katika miaka ya 1970 kidung'ata wa mihogo, kutoka Amerika ya Kusini, aliingia Kongo na kuenea nchi baada ya nchi, mihogo ikakauka na watu wakaona njaa. Wataalamu walikwenda Amerika ya Kusini, wakamtafuta adui wake wa asili, wakampata nyigu mdogo ambaye hutaga yai ndani ya kidung'ata. Mwaka 1981 aliachiwa huko Nigeria, na baadaye katika nchi nyingi. Kidung'ata wa mihogo akashuka hata leo vijana wengi hawajui kama aliwahi kuwa janga. Aliyeiongoza kazi hiyo, Mswisi Hans Herren, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995, naye aliongoza chuo cha wadudu cha ICIPE kule Nairobi kwa miaka kadhaa. Mkulima hakulipa hata senti moja kwa nyigu yule, wala hakubeba pampu.

Kwa kidung'ata wa mpapai pia yuko nyigu wake, aitwaye Acerophagus papayae. India walimleta mwaka 2010 pamoja na wenzake wawili kutoka Puerto Rico, na mashamba ya mipapai yakapona kwa upesi. Nchi yetu nayo imemwagiza katika miaka ya karibuni, akakaguliwa, akaachiwa katika mashamba ya Pwani. Hilo ni jambo jema la kuisifu Serikali na watumishi wa utafiti wa kilimo. Lakini kumwachia nyigu siku moja na kumwua kwa pampu juma lifuatalo ni kama kumkaribisha mgeni kisha ukamfungulia mbwa. Twahitaji watu wetu waambiwe, kwa Kiswahili, kwa redio na katika mikutano ya vijiji, kwamba huyu nyigu yumo, afananaje, na dawa gani humwua. Kwa maoni yangu hapo ndipo tulipopungukiwa. Wakulima wengi nizungumzao nao hawajapata kusikia habari zake.

Sitaki kudanganya kwamba nyigu hushinda siku zote. Kuna aina za vidukari wenye bakteria mwingine tena, si wa chakula bali wa ulinzi. Nyigu akitaga yai ndani ya kidukari wa namna hiyo, bakteria yule hutoa sumu inayoua yai au funza, na kidukari huendelea kunywa kama hakuna lililotokea. Mdudu ameajiri askari wa ndani! Hii ndiyo sababu nyigu anayefanya kazi shamba moja huenda asifanye shamba jingine, na hii ndiyo sababu kazi hii yataka wataalamu wenye darubini na vifaa, si kubahatisha. Basi fedha za umma zikitumiwa kwa maabara ya wadudu, tusiseme zimepotea.

Na fukusi wa nafaka, yule anayetoboa mahindi yako ghalani, naye ana bakteria wake. Wao humpa kitu kinachofanya ganda lake liwe gumu na jeusi. Likisha kuwa gumu, fukusi huwaua bakteria wote wa tumboni na kuwayeyusha kama chakula, akawaacha wale tu walio katika mfuko wa mayai kwa ajili ya watoto. Mwajiri wa namna gani huyu, msomaji!

Sasa nije kwa wenye ng'ombe, hasa ndugu zangu wa Likoni, ambao huleta ng'ombe na majani kutoka upande wa Kwale. Milima ya Shimba ni pazuri, lakini ni nyumba ya mbung'o. Wako wa aina tatu kule, na mbung'o ndiye aletaye nagana kwa ng'ombe: mnyama hukonda, manyoya husimama, maziwa hukatika, mimba hutoka, mwisho hufa.

Mbung'o, dume na jike, hawali kitu kingine ila damu. Damu ina nguvu nyingi lakini ina upungufu wa vitamini za kundi la B, kama vile sukari ilivyopungukiwa na vijenzi. Basi karibu na mwanzo wa utumbo wake mna kifuko, na ndani yake wamo bakteria waitwao Wigglesworthia, ambao hutengeneza vitamini hizo. Wamepewa jina hilo kwa ajili ya Mwingereza Vincent Wigglesworth, aliyekieleza kifuko hicho mwaka 1929. Na tazama jinsi wanavyorithiwa. Mbung'o si kama nzi wa chooni atagaye mamia. Jike huchukua mimba moja tu kwa wakati, funza mmoja tumboni, naye humlisha kwa maziwa, ndiyo, maziwa, ndani ya tumbo lile lile. Kwa maziwa hayo bakteria hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mwana. Kila siku tisa au kumi huzaa funza mmoja mkubwa, ambaye hujichimbia udongoni. Mbung'o akinywa damu yenye dawa za kuua bakteria, huwa tasa. Na mbung'o aliyekua bila bakteria hao kinga ya mwili wake huwa dhaifu, na wadudu wa nagana humwingia kwa urahisi zaidi.

Tafakari maneno hayo ya mwisho. Mtu angeweza kudhani kwamba kumchoma ng'ombe sindano za bakteria kila mara ni dawa ya kumaliza mbung'o. Si kweli. Mbung'o hunywa pia damu ya nguruwe mwitu, nyati na kulungu wa msituni ambao hakuna awachomaye sindano. Utamtasisha mmoja, na mwingine utamfanya awe chombo chepesi zaidi cha ugonjwa, na maziwa ya ng'ombe wako yatakuwa na dawa ndani. Jambo hili lisiwe la kujaribu nyumbani.

Tena sindano za nagana zenyewe zimetumiwa vibaya. Mtu hununua dawa sokoni bila kumwita daktari wa mifugo, huipunguza maji ili itoshe ng'ombe watatu badala ya mmoja, na vimelea vya nagana hujifunza kuistahimili. Nasema wazi kwamba duka la dawa za mifugo liuzalo bila kuuliza ng'ombe ana uzito gani lastahili kukaguliwa, na wakaguzi wa Serikali ya Kaunti wasingoje barua.

Ipo njia iliyo bora, na iko karibu. Mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, na mitego ya kitambaa cha bluu pamoja na harufu ya mkojo wa ng'ombe huwakamata kwa wingi. ICIPE walikwenda mbali zaidi. Waligundua kwamba mbung'o humwepuka kuro, yule mnyama mwenye mviringo mweupe matakoni, ingawa wamo msitu mmoja. Wakaichunguza harufu yake, wakatengeneza mfano wake, wakautia katika kikopo cha kuvaliwa shingoni mwa ng'ombe. Majaribio yalifanywa huko Kwale, jirani na Milima ya Shimba, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017: nagana ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kwa ng'ombe waliovaa, na wenyewe wakatumia dawa kidogo. Ng'ombe ananuka kama kuro, basi mbung'o hupita.

Na ndugu zetu wa Unguja wamefanya makubwa zaidi. Kisiwani kulikuwa na aina moja tu ya mbung'o. Kule Tanga walifugwa mbung'o kwa mamilioni, madume wakafanywa tasa kwa mionzi, wakarushwa kutoka ndegeni juu ya kisiwa kuanzia mwaka 1994. Jike wa mwituni akimpata dume tasa hapati mwana, na kwa kuwa huzaa mmoja mmoja, hesabu yake ilishuka haraka. Mbung'o wa mwisho wa mwitu alikamatwa mwaka 1996. Kazi ya kufuga madume hao isingewezekana kama wafugaji hawakujua kwamba kila mbung'o lazima awe na bakteria wake wazima, na kwamba damu ya kuwalishia isiwe imetoka kwa mnyama aliyetibiwa kwa dawa hizo. Hapo maarifa ya Wigglesworth na wenzake, yaliyoonekana ya darasani, yaligeuka kuwa maziwa na nyama. Shimba si kisiwa, najua, na mbung'o watarudi kutoka pembeni. Lakini pembezoni mwa msitu mitego na harufu ya kuro vyaweza kufanya kazi mwaka hata mwaka, mradi wakulima wote wa kitongoji wakubaliane. Mmoja akikataa, ng'ombe wake ndiye atakayewalisha mbung'o wa wote.

Neno fupi juu ya mbu, maana wasomaji wetu wanakaa mjini pia. Mombasa iliona homa ya dengi mwaka 2013 na tena mwaka 2017, nayo huletwa na mbu mwenye madoa meupe miguuni, azaliwaye katika mitungi, matairi na mapipa yetu. Bakteria aitwaye Wolbachia, aliyeonekana mara ya kwanza ndani ya mbu wa mjini Boston mwaka 1924, akitiwa ndani ya mbu wa dengi humzuia asieneze ugonjwa vizuri, na hupita kwa mayai ya mama mpaka kwa watoto. Mbu kama hao waliachiwa Australia mwaka 2011, na katika mji wa Yogyakarta, Indonesia, wagonjwa wa dengi walipungua kwa asilimia 77 katika mitaa waliyoachiwa. Jambo kama hilo likiletwa kwetu siku moja, nawaomba wazee wa mitaa wasilikatae kwa hofu wala wasilikubali kwa macho yaliyofumbwa. Waulize maswali, waombe kuonyeshwa. Hata hivyo, pipa lisilofunikwa lisingoje bakteria.

Sasa nirudi kwa mama auzaye kunde Kongowea. Yeye huchuma majani kila baada ya siku chache. Dawa nyingi zina siku za kungoja zilizoandikwa juu ya chupa, saba, au kumi na nne, au zaidi. Yuko apigaye jioni na kuchuma alfajiri, si kwa ubaya, bali kwa sababu deni la duka halingoji. Sina haki ya kumlaumu yeye peke yake. Nawalaumu zaidi wale wamwuziao chupa isiyo na maandishi ya Kiswahili, na wale wanaoipima dawa kwa kifuniko cha soda. Bwana Shamba afike kwake kabla ya muuza dawa. Amwonyeshe kuvunja ncha zilizojaa vidukari na kuzizika, kurusha maji kwa nguvu chini ya majani, kutumia maji ya sabuni kidogo, au mbegu za mwarobaini zilizotwangwa na kulowekwa usiku, maana mwarobaini umejaa kila ua la pwani. Amwonye pia asizidishe mbolea ya chumvichumvi, kwani jani laini lililoshiba naitrojeni ndilo kidukari alipendalo. Na sisimizi wakipanda mche kwa mistari, wazuiwe, maana wao huwafuga vidukari kwa ajili ya asali na kuwafukuza adui zao.

Na mwenye mpapai, kabla ya kushika shoka au pampu, atazame chini ya majani kwa kioo cha kukuzia kama anacho, au kwa macho ya mjukuu wake. Atafute vidung'ata waliovimba na kuwa maganda magumu ya rangi ya kahawia. Lenye tundu la mviringo, nyigu amekwisha kutoka. Lisilo na tundu, bado yumo ndani. Jani kama hilo lisichomwe. Likatwe taratibu na kufungwa kwenye mpapai mwingine ambao tayari una vidung'ata, kamwe si kwenye mti safi, kisha Ofisa wa Kilimo aambiwe ni shamba gani, apate kuliandika.